Ndege Ikitubwaga Chini: Ule Mshindo wa Kutua Unamaanisha Nini?

"Mjukuu wangu, tumeanguka?"

Aliyeniuliza hivyo ni bibi mmoja niliyekaa naye kiti kwa kiti tukitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, alasiri moja ya mwezi Aprili. Mvua ya masika ilikuwa imetuzungusha angani karibu dakika ishirini tukisubiri zamu ya kutua. Tulipochomoza kwenye wingu, njia ya kurukia ilikuwa mbele yetu inang'aa maji, na kabla watu hawajamaliza kushusha pumzi ndege ikapiga chini kwa kishindo. Makabati ya mizigo yakagongana juu yetu, mtoto wa safu ya nyuma akaangua kilio, mtu mmoja akasema "Astaghfirullah" kwa sauti. Bibi alikuwa amenishika mkono, kucha zimeniingia. Nikamwambia, "Hapana bibi, tumefika." Hakuniamini mpaka ndege iliposimama kabisa.

Kule kwenye mkanda wa mizigo nikasikia maneno ambayo kila msafiri ameshayasikia. Rubani huyu ni mwanafunzi. Katubwaga kama gunia la mkaa. Huyu alizoea malori.

Mimi ni mhandisi wa ndege, na kazi yangu kwa miaka mingi sasa ni ukaguzi wa usalama. Naandika makala hii kwa sababu kutua kule kulikuwa kuzuri. Simtetei rubani, ambaye wala simfahamu. Naitetea hesabu iliyomfanya aiweke ndege chini kwa nguvu alasiri ile, na nataka abiria waijue, kwa sababu kinyume chake kimeshaua watu.

Tuanze na nguvu yenyewe. Ndege za abiria za kimataifa husanifiwa kwa kanuni inayotaka miguu yake ihimili kugusa ardhi huku ndege ikishuka kwa futi 10 kila sekunde, yaani mita 3 na ushee, ikiwa na uzito wake wa juu unaoruhusiwa wakati wa kutua. Ukitaka kujua hiyo ni kasi gani, panda juu ya kiti cha kulia chakula kisha ujiachie ushuke sakafuni bila kukunja magoti. Ni karibu hivyo. Kutua kwa kawaida ni chini ya futi 3 kwa sekunde, na mara nyingi ni kama 2, kasi ambayo kitu huipata kikianguka kutoka kimo cha unene wa kidole gumba. Yale mengi ambayo abiria huyaita kubwagwa yapo mahali fulani katikati, mbali kabisa na mpaka wa chuma.

Kinachobeba mzigo huo ni mguu wenyewe. Ukishuka ngazi za ndege, kabla hujaelekea kwenye basi la uwanjani, tazama juu kidogo ya magurudumu. Utaona bomba nene, na ndani yake fimbo ya chuma inayong'aa kama kioo. Ile ndiyo shokapu ya ndege. Ya gari ina springi, hii haina. Ndani yake kuna mafuta ya haidroliki na gesi ya naitrojeni. Ndege ikigusa chini, fimbo inaingia ndani, mafuta yanasukumwa yapite kwenye tundu dogo, gesi inabanwa, na nguvu ambayo ingekwenda kwenye mgongo wako inageuka kuwa joto ndani ya bomba. Fundi akiwa zamu hupita na kutazama ni vidole vingapi vya ile fimbo viko nje. Vikipungua kuliko jedwali linavyosema, au kukiwa na mchirizi wa mafuta, ndege hiyo haiondoki hadi ijulikane kwa nini. Hata matairi hujazwa naitrojeni, si upepo wa kawaida, na mgandamizo wake katika ndege kama Boeing 737 ni karibu psi 200. Gari lako dogo linatumia kama 32.

Njia ikiwa imelowa

Dereva yeyote wa masika anajua gari likiingia kwenye dimbwi kwa kasi usukani huwa mwepesi ghafla. Tairi haigusi lami tena. Imepanda juu ya maji. Ndege hupatwa na jambo hilohilo, na kuna kanuni ya zamani ya marubani: chukua kipeuo cha pili cha mgandamizo wa tairi katika psi, zidisha kwa 9, utapata kasi katika noti (maili za baharini kwa saa) ambayo tairi linaweza kuanza kuelea. Kwa psi 200 jibu ni kama noti 127, kilomita 235 kwa saa. Ndege ya aina ile hutua kwa kasi inayokaribia hapo au kuipita. Kwa hiyo inapogusa njia yenye maji, iko kwenye kasi ya kuelea, na wakati huohuo ndiyo inahitaji breki kuliko wakati wowote mwingine.

Dawa yake ni kuiweka chini kwa uthabiti. Tairi lipasue maji, lishike lami, lianze kuzunguka mara moja. Uzito ukikaa kwenye miguu, vihisio vinaiambia kompyuta kwamba tuko ardhini, na hapo vile vibao vya juu ya bawa (unaviona vikisimama wima ukiwa umekaa dirishani) vinafunguka na kuliua bawa lisiendelee kunyanyua. Bila hivyo ndege inakuwa inatembea juu ya ardhi huku bado inataka kuruka, na breki hazina cha kushika. Marubani hufundishwa hili darasani na kwenye mashine za mazoezi: njia yenye maji hutakiwi kuibembeleza.

Tarehe 14 Septemba 1993, Airbus A320 ya Lufthansa, safari namba 2904 kutoka Frankfurt, ilitua Warsaw kwenye mvua. Marubani walikuwa wameambiwa kuna upepo wa ubavuni, wakaongeza kasi na kuilaza ndege kidogo upande wa kulia, kama inavyofundishwa. Lakini upepo ulikuwa umegeuka na sasa unawasukuma kutoka nyuma. Mguu wa kulia uligusa mita 770 kutoka mwanzo wa njia. Uligusa kwa wepesi. Mguu wa kushoto ulikuja kugusa sekunde 9 baadaye, mita 1,525 kutoka mwanzo wa njia ambayo urefu wake ni mita 2,800. Katika sekunde hizo zote kompyuta ilikuwa inasubiri uthibitisho kwamba ndege iko chini: ama miguu yote miwili ibanwe na uzito, ama magurudumu yazunguke kwa kasi ya kutosha. Magurudumu yalikuwa yanaelea majini. Vibao havikufunguka, na injini hazikuruhusiwa kugeuza msukumo ili kuizuia ndege. Ndege ilimaliza njia, ikapiga tuta la udongo na kuwaka moto. Watu wawili walifariki, rubani mmoja na abiria mmoja.

Kama ungekuwa ndani ya ndege ile na mtu angekuuliza, katika zile sekunde 9, umeonaje kutua kwake, ungesema rubani ana mkono mwepesi.

Ndege inapokaribia ardhi, hewa iliyobanwa kati ya bawa na njia huisaidia bawa kunyanyua zaidi. Hapo rubani anayetaka kutua laini anaweza kuisubiri ndege ijitulize yenyewe, na kila sekunde anayosubiri inakula mita 70 za lami. Kwa sababu hiyo alama nene nyeupe zimechorwa kwenye njia, kiasi cha mita 300 hadi 400 kutoka mwanzo wake, kumwonyesha pa kulenga. Sisi wakaguzi tunaposoma takwimu za kutua kwa rubani tunatazama: aligusa wapi, alikuwa na kasi gani, alikuwa kwenye mstari wa katikati? Ulaini unakuja baada ya hayo, na mara nyingine hauji kabisa.

Kaskazi, kusi na miguu mirefu

Mabaharia wetu waliishi kwa pepo mbili, na marubani vilevile. Njia ya uwanja wa Zanzibar ina majina mawili, 18 upande mmoja na 36 upande wa pili. Namba hizo ni dira iliyokatwa sifuri moja: 180 ni kusini, 360 ni kaskazini. Njia imelazwa kufuata kaskazi na kusi, ili ndege itue ikiukabili upepo kama jahazi lisivyotaka kufanya. Shida huja upepo unapopinda, kusi inapovuma zaidi kutoka mashariki au alasiri upepo wa bahari unapokaza. Hapo ndege inakuja imeelekeza pua pembeni ya njia, kama ngalawa inayokata mkondo, na ukiwa dirishani utaona kitu cha ajabu: njia iko mbele yako badala ya kuwa mbele ya rubani. Sekunde chache kabla ya kugusa rubani anainyoosha pua kwa miguu yake, analaza kidogo bawa la upande upepo unakotoka, na gurudumu la upande huo linagusa kwanza, kisha la pili, kisha la pua. Mishindo mitatu. Abiria anahesabu makosa matatu. Mimi nahesabu rubani anayejua kazi.

Aina ya ndege nayo ina usemi wake. Wasafiri wa Dodoma, Mwanza, Kigoma au Kisumu wengi wamepanda Dash 8 Q400, ile ndefu nyembamba ya mapangaboi. Mwili wake ni mrefu kiasi kwamba rubani akiinua pua sana ili kulainisha kutua, mkia unaweza kugonga njia. Kwa hiyo anaishusha ikiwa karibu bapa, na miguu yake mirefu iliyoning'inia chini ya injini inapeleka mshtuko moja kwa moja kwenye kiunzi, karibu na mlipokaa. Q400 kutua imara ni tabia yake. Ukitoka hapo ukapanda ndege pana ya kwenda Dubai au Guangzhou, utasema rubani wa kule ni fundi zaidi, kumbe umebadilisha miguu tu.

Na wanaotua Nairobi wakitokea Mombasa huniambia ndege inakimbia sana pale Jomo Kenyatta. Kweli inakimbia. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ili bawa lipate hewa ileile linalohitaji, ndege inapita juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi ya pwani kwa karibu asilimia 10.

Kwa nini mwili unakataa

Hayo yote hayamfanyi bibi yangu kuwa mjinga. Hofu yake ina sababu za kimwili na nazichukulia kwa uzito, maana nimewaona watu walioacha kabisa kwenda kuzika ndugu zao kwa sababu ya kutua kumoja.

Ukiwa kwenye bodaboda na mbele kuna tuta, macho yamekwambia mapema. Shingo inakaza, makalio yananyanyuka kidogo, tuta linapita. Ndani ya ndege macho yako yanaona ubavuni tu, au yanaona mgongo wa kiti. Masikio yanakwambia unashuka lakini hayakwambii umebakiza kiasi gani. Kisha mshtuko unakuja mwili ukiwa umelegea. Mshtuko huohuo rubani aliuona unakuja na yeye hakushtuka. Ongeza kelele: vifuniko vya plastiki, makabati, vigari vya chakula kule nyuma, na mara chache hata vifuniko vya barakoa za oksijeni hufunguka kwa kishindo tu na barakoa zikaning'inia. Kelele nyingi za kutua zinatoka kwenye mapambo ya ndani. Chuma kinachobeba ndege kinafanya kazi yake kimyakimya.

Vifaa vya ndani ya ndege hupima mshtuko huo kwa kuulinganisha na uzito wa kawaida. Ukisikia kipimo ni 1.5, maana yake kwa sehemu ya sekunde mtu wa kilo 70 alikandamizwa kama mwenye kilo 105. Tofauti kati ya kipimo hicho na hisia ya abiria imefika hadi mahakamani. Tarehe 1 Machi 2014 abiria mmoja alisafiri kutoka Vienna kwenda uwanja wa Altenrhein huko Uswisi, ndege ikatua kwa nguvu, naye akadai uti wa mgongo wake umeumia. Kifaa kilirekodi 1.8, wakati kikomo cha mtengenezaji kilikuwa 2. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwezi Mei 2021 iliamua kwamba kutua kulikofuata taratibu na kubaki ndani ya mipaka ya ndege si "ajali" kwa maana ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu fidia kwa abiria wa ndege, hata kama abiria mwenyewe alikuona kama jambo ambalo hakulitarajia. Katika shauri hilo ilielezwa pia kwamba kwa uwanja ule uliozungukwa na milima, kutua kwa nguvu ni salama kuliko kutua laini kupita kiasi. Namwonea huruma abiria yule. Maumivu ni maumivu. Lakini mahakama ililazimika kuchagua kati ya kipimo na hisia, na naona ilichagua sawa.

Ikiwa kweli imepitiliza

Kuna kutua kubaya, na sitaki msomaji aondoke akidhani kila mshindo ni hekima. Wakati mwingine ndege ilishushwa kwa kasi kubwa mno, au iligusa ikadunda ikagusa tena, na ule mguso wa pili ndio huumiza. Tarehe 17 Februari 2025, ndege ya CRJ900 iliyotoka Minneapolis ilitua Toronto ikishuka kwa zaidi ya futi 1,000 kwa dakika, zaidi ya mita 5 kila sekunde, kwa mujibu wa ripoti ya awali ya wachunguzi wa Kanada. Mguu wa kulia ulivunjika, bawa la kulia likakatika, ndege ikapinduka ikalala chali juu ya theluji. Ndani walikuwamo watu 80. Walijikuta wananing'inia kichwa chini kwenye mikanda yao. Wote 80 walitoka hai.

Nikikutana na abiria anayelegeza mkanda mara tu aonapo taa za mji, namsimulia hiyo. Mkanda uwe chini, umekaza nyonga, usiwe tumboni. Kwa mjamzito upite chini ya tumbo. Na ubaki hivyo hadi taa ya mkanda izimike. Ndege inayokimbia kwenye njia bado inaweza kufunga breki ghafla, na makabati ya juu hujaa vitu vizito kuliko watu wanavyokiri wakati wa kupanda. Ikitokea mnaambiwa mtoke kwa dharura, begi liacheni. Airbus A340 ya Air France ilipopitiliza njia Toronto mwezi Agosti 2005 na kushika moto, watu wote 309 walinusurika, lakini wachunguzi waligundua abiria wengi walitoka na mizigo ya mikononi. Mlango wa dharura hauna nafasi ya begi na mtu kwa wakati mmoja.

Ndege iliyotua kwa nguvu iliyopita kikomo hairuki tena siku hiyo bila kukaguliwa. Rubani anaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege, data zinasomwa, nasi tunaingia chini yake na tochi. Tunatafuta mikunjo kwenye ngozi ya ndege pale bawa linaposhikana na mwili. Tunatafuta mafuta yanayovuja kwenye bawa, pini za kushikia injini, matairi, na milango kama bado inafunga sawasawa. Nimeshawahi kulala chini ya mguu wa ndege hadi saa tisa usiku kwa ajili ya mchirizi ambao mwishowe ulikuwa maji ya mvua. Rubani aliyeandika hakulaumiwa na mtu. Ambaye angetutia wasiwasi ni yule ambaye angenyamaza.

Jambo moja ambalo abiria wanaweza kulisaidia ni kupaa upya. Ndege imekaribia kabisa, magurudumu yametoka, halafu injini zinanguruma na mnapanda tena juu. Ndani ya ndege watu huanza kulaumu. Flight Safety Foundation, taasisi ya kimataifa ya usalama wa anga, ilipolichunguza suala hili ilikuta kwamba pale ndege inapokuja vibaya, yaani juu mno au kwa kasi mno, marubani hupaa upya mara 3 tu katika kila 100. Zile 97 wanalazimisha. Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, Boeing 737 ya Air India Express kutoka Dubai ilikuja juu mno na kugusa karibu mita 1,600 ndani ya njia ya mita 2,450 iliyo juu ya kilima. Rubani msaidizi alikuwa amemwambia nahodha zaidi ya mara moja wapae tena. Watu 158 kati ya 166 walifariki. Kwa hiyo ndege yako ikipaa upya, tafadhali usimtume mhudumu na maneno makali ya kumpelekea rubani. Dakika kumi na tano mtakazozunguka zimenunuliwa kwa ajili yenu.

Kama baada ya kutua unasikia mgongo au shingo imeuma, usione aibu na usisubiri ufike nyumbani. Mwambie mhudumu kabla hamjashuka, taja namba ya kiti chako, na uombe iandikwe. Malalamiko ya barabarani hayafiki kwetu. Lakini mstari mmoja kwenye kitabu kile, "abiria wa 17C ameumia mgongo", unamfanya fundi wa zamu achukue tochi.